Namna ya kumsaidia aliyeumia shingo arudishe nguvu za pumzi

Unapoingia msimu wa karafuu Pemba, wachumaji hupanda mikarafuu mirefu, na wapo wanaoanguka. Unguja wapo vijana wanaopiga makachu Forodhani wakajitupa kichwa mbele ilhali maji yameshakupwa, wapo wakwezi wa minazi, na wapo wanaoanguka na pikipiki. Anayeumia uti wa mgongo wa shingoni kwa ajali za namna hii, akishatibiwa na kuruhusiwa kurudi nyumbani, jamaa zake huwa wameshaelezwa kwa urefu habari za vidonda vya kulalia, mpira wa mkojo na kunyoosha viungo. Habari za pumzi huelezwa kwa uchache, kwa kuwa mgonjwa anaonekana anapumua mwenyewe, na kwa hivyo hudhaniwa kwamba jambo hilo limeshakwisha. Halijakwisha. Maradhi ya kifua, hasa homa ya mapafu, ni miongoni mwa mambo yanayowaua zaidi watu walioumia shingo, na mara nyingi huanza polepole, nyumbani, mbele ya macho ya watu wanaompenda mgonjwa lakini ambao hawakufundishwa cha kutazama.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya watu hao. Jambo ninalotaka walishike ni kwamba baada ya jeraha mfumo wa fahamu huanza kuipanga upya kazi ya kupumua: hutafuta njia nyengine za kupitisha amri, huipa misuli iliyosalimika mzigo ambao haikuwa yake, na kuizoesha mzigo huo kidogo kidogo. Kazi hiyo huchukua miezi. Anayeuguza hawezi kuifanya kwa niaba ya ubongo, lakini anaweza kuilindia muda wake, kifua kisijae balghamu, mapafu yasisinyae, na misuli iliyobaki isichoshwe wala isiachwe bila ya kazi.

Kujua kilichokatika na kilichobaki

Amri ya kupumua haitoki kifuani. Hutoka katika shina la ubongo, ndani ya kisogo, kwenye kundi dogo la seli ambalo watafiti walilionyesha mwaka 1991 kuwa ndilo linalotoa mdundo wa kuvuta pumzi, tukiwa tumelala au tuko macho. Kutoka hapo amri hushuka ndani ya uti wa mgongo na kutokea katika mishipa ya fahamu iliyo mbali mbali. Ulio muhimu kuliko yote ni mshipa wa freniki, ambao mizizi yake imo shingoni, usawa wa 3, 4 na 5 kwa kuhesabu kutoka juu, nao hushuka kando ya moyo mpaka kwenye kiwambo, yaani msuli mpana unaotenga kifua na tumbo. Misuli iliyo baina ya mbavu hupata amri zake kutoka sehemu ya kifua ya uti wa mgongo, na misuli ya tumbo, ambayo bila ya hiyo hakuna kikohozi chenye nguvu, hupata zake chini zaidi, kutoka nusu ya chini ya kifua hadi mwanzo wa kiuno.

Kwa hivyo swali la kwanza la kumuuliza daktari kabla ya kutoka hospitali, iwe ni Mnazi Mmoja, Abdalla Mzee ya Mkoani au ng'ambo Muhimbili, ni kwamba jeraha liko usawa wa ngapi, na kama limekata mawasiliano yote au sehemu tu. Jibu lake liandikwe kwenye daftari, kwa sababu kila kinachofuata kinategemea hapo. Jeraha likiwa juu ya usawa wa 3, kiwambo hakipati amri na mgonjwa huhitaji mashine ya kupumulia. Likiwa baina ya 3 na 5, kiwambo hupata sehemu ya amri zake, na hali huweza kwenda huku au kule. Likiwa usawa wa 6 au chini yake, kiwambo ni kizima, lakini mbavu na tumbo zimenyamaza. Hawa wa mwisho ndio wanaotupumbaza zaidi, kwa sababu wanaongea, wanakula, wanacheka, na hakuna anayetambua kwamba hawawezi kukohoa hadi siku wanaposhikwa na mafua ya kawaida.

Kukatika kwa amri si kufa kwa msuli. Mwigizaji wa Marekani Christopher Reeve alianguka kutoka juu ya farasi mwaka 1995 na kuumia katika pingili mbili za juu kabisa za shingo, akawa anategemea mashine. Mwaka 2003 madaktari walimwekea nyaya ndogo za umeme kwenye kiwambo, na kiwambo hicho, baada ya miaka minane ya kunyamaza, kikaanza tena kuvuta pumzi kwa saa kadhaa bila ya mashine. Mshipa wa freniki na msuli wake vilikuwa hai muda wote huo, vikingoja amri isiyofika.

Mwili unavyojipanga upya

Wiki ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote, na katika siku tano za mwanzo hali huweza kuteremka hata kwa mtu aliyefika hospitali akipumua vizuri, kwa sababu uvimbe wa uti wa mgongo huweza kupanda na kiwambo kilichoachiwa kazi peke yake huchoka. Misuli ya mbavu wakati huo imelegea kabisa. Kiwambo kinaposhuka kuvuta hewa, kuta za kifua, badala ya kutanuka, huvutwa ndani, na sehemu ya nguvu ya mgonjwa hupotea bure. Kwa aliyeumia usawa wa 5 au 6, pumzi kubwa anayoweza kuivuta na kuitoa huwa karibu theluthi moja tu ya ile inayotarajiwa kwa mtu wa umri na kimo chake. Kisha, ndani ya miezi mitatu hadi mitano, kiasi hicho hukaribia kuwa maradufu, hata pale ambapo mikono na miguu haikubadilika. Inafaa kulieleza kwa urefu jinsi jambo hili linavyotokea, kwa kuwa ndilo linaloipa maana kazi yote ya nyumbani.

Shina la ubongo lina njia ya kujua kwamba pumzi haitoshi. Pembeni mwa shingo, pale mshipa mkubwa wa damu uendao kichwani unapogawika, pana vihisishi vinavyopima oksijeni katika damu, na ndani ya shina la ubongo lenyewe pana vyengine vinavyohisi kuzidi kwa hewa chafu ya kaboni dayoksaidi. Pumzi ikipungua, amri huongezwa nguvu, na amri hiyo hupelekwa kwa kila msuli unaoweza kuipokea. Misuli ya shingo, ambayo kwa mtu mwenye afya husaidia pale tu anapotweta, sasa hufanya kazi kila pumzi, na baada ya miezi utaiona imenenepa kwa kazi hiyo.

Ndani ya uti wa mgongo nako hutokea mambo. Mwaka 1895 mtafiti W. T. Porter alikata nusu moja ya uti wa mgongo wa mnyama, juu ya mizizi ya freniki, na nusu ya kiwambo ya upande huo ikanyamaza. Alipoukata mshipa wa freniki wa upande wa pili, ile nusu iliyonyamaza ikaanza kufanya kazi papo hapo. Maana yake ni kwamba zilikuwepo tangu mwanzo njia zinazovuka kutoka upande mmoja kwenda mwengine, ila zilikuwa zimelala. Utafiti wa baadaye kwa wanyama umeonyesha kwamba njia hizo huweza kuamka zenyewe kidogo kidogo katika wiki na miezi, na kwamba kemikali inayoitwa serotonini, inayotolewa na seli za shina la ubongo, huzidisha nguvu ya amri zinazofika kwenye mizizi ya freniki. Ndiyo maana jeraha lililokata sehemu tu lina matumaini makubwa zaidi, kwa kuwa kila uzi uliobaki huweza kubeba zaidi ya ulivyokuwa ukibeba.

Watafiti wamegundua pia kwamba vipindi vifupi vya hewa yenye oksijeni kidogo, vikifuatana na hewa ya kawaida, huiamsha serotonini hiyo, na jambo hilo linajaribiwa kwa watu, katika maabara, kwa vipimo na chini ya macho ya madaktari. Nalitaja ili kulikataza nyumbani. Kumbana mgonjwa pua, kumwambia azuie pumzi mpaka ashindwe au kumfunika uso hakufanani na majaribio hayo kwa lolote, na mtu mwenye akiba ndogo ya pumzi huweza kufa kwa dakika chache.

Mabadiliko mengine yamo katika misuli yenyewe. Palipokufa baadhi ya nyuzi za mshipa wa fahamu, nyuzi zilizosalimika huchipua matawi na kuzichukua nyuzi za msuli zilizobaki bila ya mwenyewe. Mshipa ulioumia nje ya uti wa mgongo huota upya kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku, na kwa kuwa freniki ni mrefu, aliyeumia mshipa huo wenyewe huweza kungoja mwaka na zaidi kabla ya kuona tofauti. Kwa aliyeumia uti wa mgongo, ulegevu wa mbavu hupungua baada ya wiki kadhaa na misuli yake huanza kukaza yenyewe. Ukazaji huo huwasumbua wagonjwa miguuni, lakini kifuani una faida: kuta za kifua haziingii tena ndani, na kila nguvu ya kiwambo huleta hewa. Hata kukohoa kidogo hurudi kwa njia isiyotarajiwa. Sehemu ya juu ya msuli mkubwa wa kifua, iliyo chini ya mtulinga, hupata amri zake kutoka shingoni, na waliobakiwa nayo hujifunza kuitumia kuyabana mapafu kutoka mbele. Waambie wakohoe huku umeweka kiganja chako chini ya mtulinga, utausikia msuli ukigutuka.

Upo upande mwengine usiopendeza. Mtu mwenye afya hushusha pumzi ndefu kila baada ya dakika chache bila ya kujijua, na pumzi hizo ndizo zinazofungua sehemu za chini za mapafu. Aliyeumia shingo hawezi kuzishusha kwa ukamilifu. Huzoea pumzi fupi za haraka, vifuko vya hewa vya chini husinyaa, kifua hukakamaa, na ubongo ukikaa muda mrefu na hewa chafu iliyozidi huacha kuilalamikia. Mazoea haya nayo ni namna ya kujipanga upya, na haya ndiyo ya kuyazuia.

Kuitazama pumzi

Tenga muda asubuhi na jioni. Mlaze mgonjwa chali, mfunue kifua na tumbo, kaa ubavuni pake macho yako yakiwa usawa wa kifua, na taa au dirisha liwe upande wa pili ili uuone mstari wa mwili ukipanda na kushuka. Usimwambie kwamba unahesabu, kwa sababu anayejua kwamba pumzi yake inahesabiwa huibadilisha. Hesabu dakika nzima kwa saa. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ikipita 25 na hana homa wala hakushughulishwa na lolote, andika na upime tena baada ya muda mfupi. Kisha tazama ni nini kinachotembea. Tumbo kupanda na kifua kuingia ndani kidogo ni kawaida ya miezi ya mwanzo. Tumbo kuingia ndani wakati wa kuvuta pumzi ni dalili ya kiwambo kilichochoka au kilichopooza, na hiyo haingojwi hadi kesho.

Kipimo cha pili hakihitaji chombo. Mwambie avute pumzi yote anayoiweza, kisha ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, kwa mwendo ule ule kila siku, mpaka pumzi imwishie. Mtu mzima mwenye afya, akihesabu kwa haraka kiasi cha tarakimu mbili kwa sekunde, hufika 40 hadi 50. Asiyefika 20 ana akiba ndogo. Hata hivyo usimlinganishe na mtu mwengine, bali na yeye mwenyewe wa wiki iliyopita: aliyekuwa akifika 24 na leo amekatikia 15 ana jambo, hata kama anasema hajambo.

Kwenye zahanati nyingi hupatikana kile kipimo cha kupuliza wanachotumia wagonjwa wa pumu. Omba mgonjwa akohoe ndani yake badala ya kupuliza. Kikohozi kilicho chini ya lita 270 kwa dakika hakitamtosha atakaposhikwa na mafua, na kilicho chini ya 160 hakitoshi hata sasa, maana yake ni kwamba kila siku ahitaji mikono ya mtu mwengine ili balghamu itoke.

Kulala, kukaa, na mkaja

Hapa mazoea yetu yanatuponza. Tumezoea kwamba mgonjwa akishindwa kupumua hukalishwa na kuegemezwa mito, na kwa mwenye pumu au moyo hivyo ni sawa. Aliyeumia uti wa mgongo wa shingoni na kiwambo chake kikabaki kinafanya kazi huwa kinyume chake: hupumua vizuri zaidi akilazwa chali. Akikaa, tumbo lisilo na nguvu humwagika mbele, matumbo hushuka, na kiwambo hukosa cha kukisukuma juu, kwa hivyo hubaki kimelala bapa na hakina pa kushukia. Akilazwa, matumbo hukirudisha kiwambo juu, na pumzi inayofuata huwa ndefu. Aliyepooza kiwambo chenyewe, kwa kuumia mshipa wa freniki, hubanwa akilala na hupata nafuu akikaa. Ndiyo sababu nimesisitiza kuijua habari ya jeraha kabla ya lolote.

Kwa yule wa kwanza hatuwezi kumwacha amelala siku zote, kwa kuwa ngozi, mifupa na moyo wake vyahitaji kukaa. Dawa yake ni kulifunga tumbo, na kina mama wa Zanzibar wanaojua kumfunga mzazi mkaja hawana haja ya kufundishwa mengi. Mkaja ufungwe angali amelala chali, kabla ya kumkalisha. Uanzie juu ya mifupa ya nyonga na uishie chini ya mbavu za mwisho. Ukipanda juu ya mbavu utazibana na kuharibu kile ulichokuwa unakitafuta. Uwe umekaza upande wa chini zaidi kuliko wa juu, vidole viwili viweze kupita, usiwe na mafundo wala mikunjo mgongoni, kwa kuwa mgonjwa hasikii maumivu pale na mkunjo mmoja wa kanga hutosha kuchimba kidonda. Mkalishe, kisha rudia kipimo cha kuhesabu. Tarakimu zikiongezeka kuliko akikaa bila ya mkaja, umefunga sawa. Ufungue kila anapolala na uikague ngozi.

Lipo onyo moja. Aliyeumia usawa wa 6 wa kifua au juu yake huweza kupandwa na presha kwa ghafla, kwa sababu ya kibofu kilichojaa, choo kilichofunga, au hata mkaja uliokaza mno. Kichwa humpiga vibaya, uso hujaa damu na jasho humtoka juu ya usawa wa jeraha. Mkalishe mara moja, fungua mkaja na nguo, tazama kama mpira wa mkojo umekunjika, na hali isipotulia upesi mpeleke hospitali, kwani presha hiyo huweza kupasua mshipa wa damu kichwani.

Kumkohozesha kwa mikono

Hii ndiyo kazi ambayo ningependa kila mtu wa nyumba ile aijue, hata kijana wa skuli. Jifunze kwanza mbele ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na usiifanye kwa mwenye mbavu zilizovunjika, aliyepasuliwa tumbo karibuni, mwenye ujauzito, au ambaye shingo yake bado haijathibitishwa kuwa imara. Isifanywe kabla ya kupita saa moja na nusu au mbili baada ya kula.

Mlaze chali, piga goti kitandani ubavuni pake, na weka kiganja kimoja juu ya chengine baina ya kitovu na chembe ya moyo, vidole vikielekea kichwani. Usiguse ncha ya mfupa wa kifua. Mwambie avute pumzi kadiri awezavyo. Anayejua kumeza hewa kwa mafundo, kwa ulimi na koo, aongeze mafundo mawili matatu juu ya pumzi hiyo, njia ambayo waliopooza kwa polio walikuwa wakiitumia tangu miaka ya 1950. Azuie kidogo, kisha ajaribu kukohoa, na wewe wakati ule ule, si kabla wala si baada, sukuma kwa haraka kuelekea ndani na juu, chini ya mbavu. Kosa linalotokea mara nyingi ni kukosa kuafikiana. Msukumo ukitangulia, koo bado limefungwa na unamuumiza, na ukichelewa hewa imeshatoka. Kwa hivyo yeye ndiye awe anahesabu, moja, mbili, na kwenye tatu wote wawili mfanye. Mara tatu au nne, kisha apumzike. Balghamu ikifika kinywani mgeuze ubavu aiteme, na tazama rangi yake. Nyeupe ni sawa, ya kijani au yenye damu iandike na uipeleke habari.

Jeraha la shingo huzikata amri za mishipa ya fahamu inayouharakisha moyo na kutanua njia za hewa, lakini mshipa wa vagasi, ambao hupita nje ya uti wa mgongo na hufanya kinyume, hubaki mzima. Ndiyo maana wagonjwa hawa hutoa balghamu nyingi mwanzoni, na ndiyo maana kuvutwa balghamu kwa mpira kooni huweza kuyateremsha mapigo ya moyo wao ghafla. Mwache mtaalamu aifanye kazi hiyo ya mpira.

Mazoezi, hewa ya chumba na chakula

Njia nyepesi ya kukumbuka mazoezi ni kuyafungamanisha na sala tano. Baada ya kila sala mgonjwa avute pumzi kumi ndefu za polepole, kila moja aishikilie sekunde tatu hadi tano kabla ya kuiachia. Hizi hushika nafasi ya zile pumzi ndefu asizoweza tena kuzishusha. Anayepata kifaa cha kuvutia pumzi chenye ukinzani akitumie kwa kipimo atakachopewa, kwani utafiti umeonyesha kwamba huongeza kiasi fulani cha nguvu za kuvuta pumzi. Maputo ninayoona yakinunuliwa kwa ajili ya wagonjwa hawa sioni faida yake kubwa: kupuliza ni kutoa pumzi, na kinachohitaji kukuzwa kwanza ni kuvuta.

Kusoma Kurani kwa tajwidi na kuimba kasida ni mazoezi mazuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu anayesoma hulazimika kuvuta pumzi ndefu kwa haraka na kuiachia kwa kipimo mpaka mahali pa kituo. Huko Australia wapo watafiti waliowafundisha uimbaji watu waliopooza mikono na miguu, na sauti zao zikapata nguvu. Asome akiwa amefungwa mkaja, na asome aya fupi kabla ya ndefu. Akianza kukata mahali ambapo jana hakukata, amechoka, na apumzike, kwani kiwambo kilichochoshwa leo hakijengeki.

Udi na ubani visifukizwe chumbani kwake, hata kwa nia njema ya kuondoa harufu, na jiko la kuni au makaa lisiwe karibu na dirisha lake. Apewe chakula kidogo mara nyingi, kwa kuwa tumbo lililojaa hukizuia kiwambo kushuka, na choo kisiachwe kikafunga kwa sababu hiyo hiyo. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, naye ahitaji maji ya kutosha ili balghamu isigande. Tena asishindiliwe muhogo na tambi wakati wa futari kwa sababu tu watu wote wanakula.

Usiku, na wakati wa kukimbilia hospitali

Usingizini amri za ubongo hupungua, misuli ya shingo hupumzika, na koo hulegea. Kukoroma kunakokatika kwa kimya kisha akashituka, kuamka na kichwa kizito na kusinzia mchana kutwa ni dalili kwamba usiku hapumui vya kutosha. Jambo hili limeenea sana miongoni mwa walioumia shingo, na lina tiba ya mashine ndogo ya kuvaa puani. Dawa za usingizi na za kulegeza misuli zisiongezwe bila ya daktari kujua.

Mpeleke bila ya kungoja akipumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, akishindwa kumaliza sentensi fupi, tumbo likianza kuingia ndani anapovuta pumzi, akichanganyikiwa au kusinzia kusiko kwa kawaida, midomo ikibadilika rangi, au kipimo cha oksijeni cha kuvalisha kidoleni kikishuka chini ya asilimia 92. Kipimo hicho kisikutulize peke yake: huonyesha oksijeni tu, na mgonjwa huweza kuwa na 96 huku hewa chafu ikimjaa.

Ukifika mapokezi, usiku, na aliyepo zamu hamjui mgonjwa wako, sema kwa mpango: jeraha lake liko usawa gani, kwamba udhaifu uko katika misuli ya kupumulia na kikohozi, na kwamba akipewa oksijeni aangaliwe pia kiwango cha kaboni dayoksaidi, kwa kuwa oksijeni peke yake huweza kuipandisha tarakimu ya kidoleni bila ya kumpumzisha kiwambo. Mwambie kwamba hukohozeshwa kwa mikono na uombe ruhusa ya kuendelea kufanya hivyo wodini. Kisha mfungulie daftari kwenye ukurasa wa wiki ya mwisho, aone idadi ya pumzi, hesabu ya pumzi moja na rangi ya balghamu.